Dzaleka hadi Maula: vibali viwili vya kumwona ndugu mmoja

Kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hadi gereza la Maula jijini Lilongwe ni mwendo wa takriban kilomita 45. Kwa minibasi ni safari ya asubuhi moja, hata ukihesabu muda wa kungoja abiria wajae. Raia wa Malawi mwenye ndugu aliyewekwa Maula anahitaji nauli, chakula cha kumpelekea na subira ya kupanga foleni. Mkimbizi anahitaji hayo yote, na zaidi ya hayo anahitaji ruhusa mbili: ya kutoka anakoishi na ya kuingia anakokwenda.

Ruhusa ya pili inalindwa na katiba ya nchi, lakini ya kwanza hutegemea uamuzi wa ofisi. Haki iliyoandikwa kwa wino wa katiba inaweza kufia kwenye lango la kambi kabla haijafika kwenye lango la gereza, na hapo ndipo penye kiini cha uchambuzi huu.

Tuchukue mfano ambao si wa mtu mmoja, bali unakusanya yale yanayowakuta wengi. Mama mmoja wa Dzaleka, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, anapata habari jioni kwamba kijana wake aliyekwenda Lilongwe kutafuta kibarua amekamatwa. Aliyemletea habari hajui kosa ni lipi, wala hajui kama kijana bado yupo kituo cha polisi au ameshapelekwa gerezani. Usiku huo mama hana budi kupanga safari: nani atabaki na watoto wadogo, nauli itatoka wapi, apike nini, na asubuhi amwombe nani ruhusa ya kutoka. Swali linalomkosesha usingizi zaidi ni hili: je, akienda bila kibali, si atakamatwa naye, wakawa wawili ndani?

Mlango wa kwanza: kambi

Hofu ya mama huyo ina sababu. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo Desemba 1987, lakini iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, kikiwemo cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Kwa sharti hilo serikali ilijihifadhia mamlaka ya kupanga mahali ambapo wakimbizi wataishi na ya kuzuia mienendo yao pale ambapo usalama wa taifa au utulivu wa umma unadai hivyo. Kutokana na msimamo huo, mkimbizi hutakiwa kuishi Dzaleka na kupata kibali kabla ya kutoka.

Kwa miaka mingi agizo hilo halikutekelezwa kwa ukali. Maelfu ya Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walifungua maduka Lilongwe na katika miji mingine, wakaoa, wakasomesha watoto. Mwaka 2021 serikali ilitaka warudi kambini, na suala likafika mahakamani. Mwishoni mwa Machi 2023 amri ilitolewa upya, ikiwapa wakimbizi hadi katikati ya Aprili kurejea Dzaleka. Tarehe 17 Mei 2023 msako ukaanza Lilongwe. Mamia ya watu walikusanywa, wakiwemo wanawake na watoto, na wengi wao walipitishwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na watetezi wa haki za binadamu walipinga, hasa kuwekwa kwa watoto ndani ya gereza la watu wazima.

Tangu siku hizo jina la Maula limepata uzito mpya miongoni mwa wakazi wa Dzaleka. Zamani lilikuwa gereza la wahalifu wa mjini. Sasa ni mahali ambapo jirani, fundi cherehani au mwalimu wa madrasa aliwahi kulala bila kushtakiwa kwa wizi wala kwa kumpiga mtu. Kwa hiyo anayepanga kumwona nduguye huko anajua kwamba kwa kukosa karatasi tu, mgeni anaweza kugeuka mahabusu.

Kambi yenyewe haina wasaa wa kumwezesha mtu kusafiri. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na zaidi ya nusu yao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Msaada wa chakula wa WFP umepunguzwa mara kadhaa kwa upungufu wa fedha. Kwa familia inayoishi kwa mgao huo, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula cha mfungwa ni mlo ambao watoto waliobaki nyumbani hawataupata.

Mlango wa pili: gereza

Katika mlango wa pili sheria inasema wazi. Katiba ya Malawi, katika kifungu cha 42, inampa kila aliyewekwa kizuizini, pamoja na mfungwa aliyehukumiwa, haki ya kuwasiliana na kutembelewa na mume au mke, ndugu wa karibu, kiongozi wa dini na tabibu anayemchagua. Kifungu hicho kinataja kila mtu, si kila raia. Kinataka pia aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoifahamu, ashikiliwe katika hali inayolinda utu wake na apewe lishe ya kutosha kwa gharama ya serikali. Aliyekamatwa kwa tuhuma ya kosa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48.

Hali halisi iko mbali na maandishi hayo. Mwaka 2015 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likitoa matibabu ndani ya Maula, lilieleza kwamba gereza hilo lililojengwa kwa ajili ya watu 800 hivi lilikuwa na zaidi ya 2,600. Wafungwa walikuwa wakipata mlo mmoja kwa siku, na kifua kikuu kilikuwa kikienea kwa urahisi kutokana na msongamano. Miaka sita kabla ya hapo, mnamo 2009, Mahakama Kuu ilikuwa imeshatoa hukumu katika kesi ya Gable Masangano, mfungwa aliyeishtaki serikali kwa niaba yake na ya wafungwa wenzake. Majaji walisema kwamba msongamano, upungufu wa chakula na mavazi na uduni wa huduma ulivunja haki ya utu, wakaamuru serikali ipunguze msongamano kwa nusu katika muda wa miezi 18. Takwimu za 2015 zinaonyesha agizo hilo liliishia wapi.

Katika gereza la namna hiyo, mgeni anayefika na unga, maharage, dagaa, sabuni na dawa anafanya kazi ambayo katiba iliikabidhi serikali. Mfungwa asiyetembelewa hula kile tu kinachogawiwa, na akiugua hana wa kumpigia hodi daktari.

Faida ya ziara si chakula peke yake

Wengi huiona ziara ya gerezani kuwa ni jambo la huruma, la kwenda kulia na kufarijiana. Huruma ipo, lakini kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hulitambua baada ya muda kupita: ziara ndiyo mwanzo wa kutoka.

Dhamana huhitaji mdhamini, naye hawezi kupatikana mpaka ndugu ajue mtuhumiwa yuko wapi, ameshtakiwa kwa kosa gani, kesi ina namba gani na itasikilizwa lini. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Malawi, iliyorekebishwa mwaka 2010, imeweka ukomo wa kumshikilia mtu kabla ya kesi kuanza: siku 30 kwa kesi za mahakama za chini, 60 kwa zinazopelekwa Mahakama Kuu na 90 kwa makosa mazito kama mauaji. Hata hivyo siku hizo hazijihesabu. Lazima awepo mtu nje anayezihesabu, na akiona zimepita aende kwa mwanasheria kusema kwamba muda umekwisha.

Malawi haikukosa mbinu za kusaidia katika hili. Tangu mwaka 2000 wasaidizi wa kisheria wamekuwa wakiingia magerezani kuwafundisha mahabusu sheria inayowahusu na kuwatafutia ndugu zao, na mpango huo umeigwa katika nchi nyingine za Afrika. Ipo pia Ofisi ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, inayowatetea wasio na uwezo wa kulipa wakili. Lakini msaidizi wa kisheria akimtafuta ndugu wa mkimbizi, anamkuta nyuma ya lango la kambi. Mdhamini anayetakiwa kusimama mbele ya hakimu Lilongwe saa mbili asubuhi naye anahitaji kibali. Kikichelewa kwa siku moja, kesi inaweza kuahirishwa, na kijana akaendelea kulala sakafuni kwa kosa ambalo pengine adhabu yake ingekuwa faini.

Kwa hiyo kumzuia mgeni asifike kunaongeza msongamano ule ule uliolaaniwa na Mahakama Kuu.

Jina lililobadilika na neno lililopotosha

Kazi ya mwandishi wa makala haya ni kutafsiri habari, na yapo mambo mawili ya lugha ambayo mwenye kupanga ziara ya Maula anafaa kuyajua.

La kwanza ni jina. Katika Kichewa, sauti za L na R hazitofautiani kama katika Kiswahili, na neno halianzi kwa R kwa kawaida ya lugha hiyo. Rashidi anaweza kuandikwa Lashidi, na Rehema akawa Lehema. Ukiongeza majina ya Kibembe, Kifulero au Kirundi, ambayo askari hajapata kuyasikia, daftari la gereza linaweza kubeba jina ambalo mama mzazi mwenyewe hatalitambua. Mgeni anayetaja jina kwa mdomo tu anaweza kujibiwa kwamba mtu huyo hayupo, ilhali yupo hatua chache nyuma ya ukuta. Nakala ya hati ya ukimbizi ya aliyekamatwa, tarehe ya kukamatwa, jina la kituo cha polisi na namba ya kesi kama imepatikana, hutatua mengi kuliko mabishano ya langoni.

La pili ni neno ambalo limewahi kuumiza watu bila kukusudiwa. Kichewa humwita mfungwa *mkaidi*, na wengi wao ni *akaidi*. Msemaji wa Kiswahili anayeambiwa kwamba mwanawe ni mkaidi husikia kwamba kijana amekataa amri, amegoma, amekuwa jeuri mbele ya askari. Hakuna aliyesema hivyo. Neno hilo kwa Kichewa lina maana ya mtu aliyefungwa tu, kama *ndende* lilivyo gereza. Mama anayejua hilo hataanza kumwombea mwanawe msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda.

Maneno haya mawili ni madogo, lakini yanaonyesha jambo kubwa. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kutafsiriwa mwenendo wa kesi kwa gharama ya serikali asipoifahamu lugha ya mahakama. Hakuna kifungu kama hicho kwa mama yake aliye langoni. Anayemtafsiria huwa jirani aliyeishi Malawi miaka mingi, na jirani huyo naye anahitaji nauli na kibali.

Asiye na ubalozi

Mgeni wa kawaida akifungwa katika nchi ya watu, ubalozi wake huarifiwa akitaka, na afisa anaweza kwenda kumwona. Hilo limo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Mkimbizi hawezi kuelekezwa huko, kwani serikali ya kwao ndiyo aliyoikimbia. Umoja wa Mataifa uliliona pengo hilo. Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015 kuhusu wafungwa zinasema katika kanuni ya 62 kwamba wakimbizi na wasio na uraia wapewe njia ya kuwasiliana na chombo cha kitaifa au cha kimataifa chenye jukumu la kuwalinda. Kwa wakazi wa Dzaleka, chombo hicho ni UNHCR. Kanuni ya 58 inataka wafungwa waruhusiwe kutembelewa na jamaa zao mara kwa mara, na ya 59 inataka wawekwe, kadiri inavyowezekana, karibu na makwao.

Familia iliyopata habari ya kukamatwa kwa ndugu yake, kabla hata ya kutafuta nauli, inafanya vyema kuiarifu UNHCR na uongozi wa kambi kwa pamoja, na kuandika tarehe ya kufanya hivyo. Taarifa hiyo humlinda aliye ndani. Pia humpa aliye nje sababu iliyoandikwa ya kuombea kibali.

Malawi haipo peke yake katika jambo hili. Tanzania huwataka wakimbizi wa Nyarugusu wawe na kibali cha kutoka kambini, na Kenya imekuwa na utaratibu kama huo kwa Kakuma na Dadaab. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, iliwapa wakimbizi uhuru wa kutembea, na mama wa Nakivale anayetaka kumwona mwanawe aliyefungwa Mbarara hakabili mlango wa kwanza kabisa.

Nchi inayoijua kadhia hii

Malawi ina kumbukumbu zake za kumzuilia mtu ndugu yake. Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi: wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, wapinzani wa kisiasa walifungwa hapo, na jina lenyewe, linalotokana na neno la Kichewa lenye maana ya kuacha, wengi hulifasiri kuwa "sitarudia tena".

Kumbukumbu nzito zaidi ni ya Orton Chirwa na mkewe Vera, mwanamke wa kwanza kuwa mwanasheria nchini humo. Walikamatwa mkesha wa Krismasi ya 1981, wakahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Walifungwa katika gereza moja la Zomba, lakini kwa miaka minane hawakuruhusiwa kuonana. Walikutanishwa Septemba 1992, ujumbe wa wanasheria kutoka Uingereza ulipowatembelea. Mwezi uliofuata Orton alifariki dunia, na Vera hakuruhusiwa kwenda kumzika mumewe. Aliachiliwa Januari 1993. Tangu mwaka 2000 hadi 2005, Vera Chirwa alikuwa Ripota Maalumu wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kuhusu magereza, na katika kazi hiyo alirudi kuyakagua magereza ya nchi yake mwenyewe.

Kifungu cha 42 kiliandikwa na kizazi kilichoyashuhudia hayo. Walipoweka haki ya kutembelewa ndani ya katiba, walijua walikuwa wakizuia nini.

Kinachowezekana sasa

Serikali ina hoja zake, na ni haki zisikilizwe. Malawi ni miongoni mwa nchi maskini zaidi duniani, na raia wake wanaoshikiliwa Maula wanakula sahani ile ile. Mfungwa aliyetoka Nsanje, kusini kabisa, huenda asitembelewe mwaka mzima kwa umbali tu. Maafisa husema udhibiti wa kambi unahusu usalama, na askari magereza wana wajibu wa kukagua kinachoingizwa ndani.

Lakini sharti la mwaka 1987 lenyewe linataja usalama wa taifa na utulivu wa umma kuwa ndiyo sababu za kuzuia mienendo. Ni vigumu kuona jinsi mama mwenye kikapu cha unga, anayekwenda kukaguliwa na askari kwenye lango la gereza, anavyohatarisha kimojawapo. Kati ya safari zote ambazo mkimbizi anaweza kuomba, hii ndiyo iliyo rahisi kuthibitishwa: jina lake litaandikwa kwenye daftari la upande wa pili.

Kuna jambo moja linalorahisisha suluhisho. Idara ya Wakimbizi, polisi na Jeshi la Magereza la Malawi zote zipo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Milango hii miwili ina mwenye ufunguo mmoja. Haihitajiki sheria mpya, mkataba mpya wala fedha za wafadhili ili ofisi ya kambi iagizwe kutoa kibali siku ile ile kwa ndugu wa karibu wa aliyefungwa na kwa mdhamini aliyeitwa mahakamani, na polisi waagizwe kukiheshimu barabarani. Haihitajiki pia fedha nyingi ili gereza liijulishe ofisi ya kambi kila mkazi wa Dzaleka anapopokelewa, jina lake likiwa limenakiliwa kutoka kwenye hati badala ya kusikilizwa kwa sikio.

Mpaka hapo familia zitaendelea kupanga kama zinavyopanga leo: kuuliza kwanza siku na saa za wageni, kubeba nakala za hati, kuiarifu UNHCR, kutafuta jirani anayesema Kichewa, na kuomba kibali mapema kadiri inavyowezekana. Mama wa mfano wetu atafanya hayo yote alfajiri, kabla ya kuwasha moto wa kupikia chakula cha kupeleka. Asipopewa kibali, atalazimika kuchagua kati ya kukaa nyumbani na kupanda minibasi akiwa na hofu.